Kampala hadi Bahari na Kurudi: Mwongozo Kamili wa Safari ya Begi Mgongoni kwa Marafiki Wenye Mfuko Mdogo

Mara ya kwanza tuliposafiri pamoja tulikuwa wanne. Siku ya tano tulikuwa Mombasa, tumesimama kwenye foleni ya tiketi ya Fort Jesus, mwenzetu mmoja akasema kichwa kinamuuma, atatusubiri nje. Tukamwacha chini ya mti. Tulipotoka baada ya saa moja na nusu tulimkuta palepale, chupa ya maji tupu mkononi, na jioni ndipo tulipojua kwamba pesa zake zilikuwa zimekwisha Nairobi. Hakutaka kutuharibia safari. Sisi tulikuwa tunaagiza pilau na kunywa madafu mbele yake, yeye akiponea mahamri mawili kwa siku na kudai hana njaa.

Tangu siku ile, kabla sijafungua ramani, nazungumza pesa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na watu na mfuko, ukaja kwenye njia na karatasi, na begi nimeliweka karibu na mwisho. Nimeuandika kwa vijana wa Uganda wanaotaka kuvuka mpaka kwa basi na treni. Njia ninayoieleza inazunguka Kenya na Tanzania, kwa sababu kwa anayetoka Kampala ni nchi za nje zilizo rahisi kufikiwa bila ndege na bila viza.

Hatua ya kwanza: wenzako na kiwango cha chini

Watu wanne wanatosha. Mnalala wawili wawili, vyumba viwili tu, na hakuna anayelipa chumba peke yake. Mkiwa watano, mmoja lazima atalipia kitanda kizima au atalala chini. Mkifika wanane hiyo ni ziara ya shule, inahitaji mwalimu.

Kisha fanyeni jambo ambalo sisi tulijifunza kwa uchungu. Kila mmoja aandike kwenye karatasi kiasi cha juu anachoweza kutumia bila kukopa, karatasi ikunjwe, apewe mtu mmoja mnayemwamini. Huyo anazisoma peke yake na kutangaza kiasi kilicho kidogo kuliko vyote bila kumtaja mwenyewe. Kiasi hicho ndicho bajeti ya kundi zima. Mwenye zaidi anaweza kubaki nazo za zawadi, lakini chumba, usafiri na chakula cha pamoja vinafuata mfuko wa aliye chini. Kama kuna asiyekubali hilo, ni heri ajulikane Kampala kuliko ajulikane Dar es Salaam.

Hatua ya pili: njia

Mzunguko ninaoupendekeza unachukua siku 15 na usiku 14. Kampala hadi Kisumu kupitia Busia, kisha Nairobi, Mombasa, mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, Tanga, Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Bukoba, halafu mnarudi nyumbani kupitia Mutukula na Masaka. Ni zaidi ya kilomita 3,000, na uzuri wake ni kwamba hamrudii barabara hata moja. Ziwa Victoria mnaliona kutoka Kisumu, mnaliona tena Mwanza, na Bukoba mnaliona kwa mara ya tatu likiwa upande ule ambao sisi wa Kampala huwa hatuufikirii.

Usiku tuliugawa hivi: Kisumu 1, Nairobi 2, Mombasa 4, Tanga 1, Dar 2, Dodoma 1, Mwanza 2, Bukoba 1. Mombasa ilipewa nyingi kwa makusudi. Kundi linalohama kila siku linachoka, na watu waliochoka hugombana kwa sababu ya chumvi. Pia ufukwe ni bure. Diani ni mwendo mfupi kusini mwa mji, na kivuko cha Likoni hakimtozi mtu anayetembea kwa miguu.

Msimu una neno lake. Masika ya pwani ni Machi hadi Mei. Nendeni Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Desemba familia nyingi za Nairobi huteremka baharini kwa sikukuu, treni hujaa na vyumba hupanda bei. Ramadhani ikiangukia safari yenu, jueni mchana migahawa mingi ya pwani hufungwa, lakini jioni mtaona meza za futari ambazo mwezi mwingine hamzipati.

Hatua ya tatu: hesabu

Andikeni kila kitu kwa shilingi ya Uganda, sarafu moja tu, la sivyo mtajidanganya. Katika hesabu hii nimechukua shilingi moja ya Kenya kuwa 28 za kwetu, na shilingi moja ya Tanzania kuwa 1.4. Angalieni kiwango cha wiki mnayoondoka, kisha mpige hesabu upya.

Hii hapa bajeti yetu ya mtu mmoja:

Usafiri wote wa kati ya miji: 450,000
Kulala usiku 14, nusu chumba, 35,000 kwa usiku: 490,000
Chakula, maji na nauli za mjini siku 15, 35,000 kwa siku: 525,000
Viingilio: 150,000
Jumla: 1,615,000

Juu ya hapo ongezeni sehemu moja ya tano kwa ajili ya dharura, yaani 323,000. Mnafika 1,938,000, iwekeni 1,940,000. Pasipoti na chanjo hazimo humu, kwa kuwa hizo mtazitumia miaka mingi.

Nauli mbili ninazoweza kuwatolea mfano ni za treni. Nairobi hadi Mombasa, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500 za Kenya tangu Januari 2024, sawa na 42,000 zetu. Dar hadi Dodoma kwa treni ya umeme iliyoanza 2024, nauli ya kawaida iliwekwa 31,000 za Tanzania, karibu 43,400 zetu. Nauli za basi zinapanda na kushuka kulingana na siku, kwa hiyo pigeni simu kwenye ofisi zao wiki moja kabla.

Kiasi cha dharura kisiguswe kwa nyama choma. Ni cha hospitali, cha simu iliyoibwa, cha kurudi nyumbani mapema mtu akifiwa. Kila mtu ashike chake mwenyewe, mbali na pesa nyingine.

Hatua ya nne: kuweka akiba na kuunda kapu

Kwa miezi 8, 1,940,000 ni 242,500 kwa mwezi. Kwa kijana anayeanza kazi ni pesa nyingi, sitasema vinginevyo, lakini ni mzigo unaobebeka mkiubeba pamoja. Sisi tulifuata mtindo wa nigiina, yaani mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, kukutana kila mwisho wa mwezi, isipokuwa hapakuwa na zamu ya kuchukua: zote zilikwenda kwenye akaunti moja ya akiba yenye watia saini wawili. Msiziache kwenye simu ya mtu. Simu hupotea, na kila mnapotoa pesa kwenye simu hapa Uganda kuna ada na kodi ya asilimia 0.5 juu yake.

Safarini akaunti inageuka kuwa kapu, yaani mfuko wa pesa za pamoja. Kila asubuhi kila mmoja anatia kiasi kilekile. Mmoja anashika pesa, mwingine anashika daftari, na wasiwe mtu na mpenzi wake. Kapu linalipa chumba, nauli, maji ya kunywa na mlo mmoja mkubwa wa pamoja. Muda wa hewani, soda za ziada, vileo, leso za kumpelekea mama, vyote ni mfuko wa mtu binafsi. Daftari linasomwa kwa sauti kila usiku kabla ya kulala. Dakika tano zinatosha. Hapo ndipo mwenye upungufu anapata mlango wa kusema, "Jamani, kesho tupike wenyewe," bila aibu.

Hatua ya tano: karatasi

Kwa Kenya, Mganda anaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Uganda, Kenya na Rwanda zilianza utaratibu huo mwaka 2014. Kwa mzunguko huu kitambulisho hakitoshi, kwa sababu mnaingia Tanzania. Chukueni pasipoti. Ile ya kawaida ya Afrika Mashariki ada yake imekuwa 250,000, inadumu miaka 10, na ukiishughulikia miezi mitatu kabla hulazimiki kulipia haraka. Kama unayo tayari, hakikisha imebakiwa na miezi sita au zaidi.

Hakuna viza ya kulipia kwa Mganda, mwananchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika nchi hizi mbili. Kenya ilipoanzisha kibali cha mtandaoni Januari 2024, wananchi wa Jumuiya hawakutakiwa kukiomba. Ukiambiwa dirishani ulipie muhuri, omba risiti kwa adabu, na usubiri.

Kadi ya njano ndiyo inayosahaulika. Uganda iko kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano, hivyo Tanzania inakutaka uwe na cheti cha chanjo. Chanjo inahesabika kuanzia siku ya 10 baada ya sindano. Ukichanjwa siku mbili kabla ya safari, kadi yako bado haijaanza kazi. Tangu Julai 2016 cheti kinadumu maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10, kwa hiyo kitafute kwenye sanduku la nyumbani kabla hujalipa tena.

Pigeni picha kila karatasi, mtumiane, na kila mmoja aache nakala kwao.

Hatua ya sita: siku ya mpaka

Ondokeni Kampala alfajiri. Mabasi mengi ya Nairobi huondoka usiku na watu huyapenda kwa sababu yanaokoa pesa ya chumba. Mimi siyapendi kwa safari ya kwanza. Ukifika Busia saa nane usiku ukiwa na usingizi, utaacha kitu kwenye kiti, na hutajua basi lako limeegeshwa wapi. Mchana unaona.

Busia ni mpaka wa kituo kimoja: unapoingia Kenya unamalizia kazi zote upande wa Kenya, dirisha la kutoka na dirisha la kuingia yako jengo moja. Shuka na begi lako, simama foleni, gongewa muhuri wa kutoka, kisha wa kuingia. Usiondoke dirishani kabla hujafungua ukurasa na kusoma tarehe na siku ulizopewa. Mwenzetu wa Gulu aligongewa tarehe ya mwezi uliopita, tukaligundua palepale na afisa akarekebisha kwa dakika moja. Tungeligundua Horohoro, ingekuwa hadithi nyingine.

Msibebe mzigo wa mtu msiyemjua, hata akiwa mama mzee mwenye mfuko wa dagaa. Msaidieni kuunyanyua, lakini usivuke mkononi mwenu.

Tena kuna kaveera, mfuko wa plastiki. Hapa kwetu bado tunafungiwa kila kitu ndani yake, kuanzia nyanya hadi rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019. Usiku wa kuamkia safari, mwaga begi kitandani, toa kila kaveera, funga viatu kwa kitambaa. Bibi yangu wa Bombo alinishonea vifuko vitatu vya kitenge, ninavyo hadi leo.

Kuhusu kubadilisha pesa, pale mpakani vijana watawajia na mabunda mkononi. Badilisheni kidogo tu, ya chai na nauli, na nyingine mzibadilishe kwenye duka la fedha mjini. Mimi niliwahi kuhesabiwa noti mbele ya macho yangu, moja ikiwa imekunjwa katikati: upande wa kwanza ikahesabiwa, upande wa pili ikahesabiwa tena. Niligundua ndani ya basi. Zichukue, zinyooshe moja moja kwenye kiganja chako, uhesabu mwenyewe, kisha ndipo utoe zako. Zile noti kubwa za 1,000 za Kenya za toleo la zamani zilikoma kutumika mwisho wa Septemba 2019, ukipewa, rudisha.

Hatua ya saba: njiani

Laini ya simu nunueni Nairobi kwa pasipoti, moja kwa watu wawili inatosha. Nauli ya treni, teksi, hata mboga sokoni Kenya inalipwa kwa simu, na bila laini mtabaki mkiomba wapita njia wawalipie. Tanzania usajili wa laini unataka alama za vidole, uvumilie foleni. Huko bei na malipo yote ni kwa shilingi yao. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutoza kwa fedha za kigeni, kwa hiyo anayekudai dola chumbani mkumbushe kwa upole.

Treni ya Nairobi haiondoki mjini. Kituo kiko Syokimau, na msongamano wa barabara ile unaweza kula saa nzima. Fikeni saa moja na nusu kabla. Mtaambiwa mpange mabegi chini kwa mstari, msogee nyuma, mbwa wapite wakinusa. Ndani ya treni mkipita Tsavo angalieni nje, tembo wa kule ni wekundu kwa vumbi. Mombasa mnashukia Miritini, mbali na mji wa kale. Msikubali nauli ya kwanza mnayotajiwa nje ya geti.

Kiingilio cha makumbusho au hifadhi kina bei ya mgeni na bei ya mwananchi wa Afrika Mashariki, na tofauti yake ni kubwa. Semeni mapema kwamba mmetoka Uganda na muonyeshe kitambulisho kabla ya kulipa. Kwenye ukumbi wa tiketi ukinyamaza, Kiingereza chako kitakugharimu.

Hapo linakuja suala la lugha. Katika kundi letu wawili tulikijua Kiswahili na wawili walikuwa wanakiogopa. Wengi wetu Uganda tumekisikia kwa amri, kwa askari na kambini, kwa hiyo tunasema "leta chai", "toa hapa". Tanga nilisema "leta chai" kwa mama aliyekuwa anakaanga maandazi. Hakunijibu. Akaendelea kugeuza maandazi yake hadi kijana wa pembeni aliponinong'oneza, "Mwambie shikamoo mama, naomba chai." Nikasema. Akatabasamu, akanimiminia, na akaniongezea andazi la bure. Wafundisheni wenzenu maneno haya kabla ya kuondoka: shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri, naomba badala ya nipe, samahani kabla ya swali, na bei ya mwisho ni ngapi baada ya bei ya kwanza. Ni akiba kubwa kuliko kuponi yoyote.

Maneno ya usafiri pia hubadilika. Teksi yetu ya Kampala ni matatu Kenya na daladala Tanzania. Tuktuk ya Mombasa ni bajaji Dar, na inabeba abiria watatu. Boda ni yetu, ilizaliwa palepale Busia watu wakipelekwa kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Saa haziwasumbui, maana Luganda nacho huhesabu kutoka macheo, lakini tiketi ikiandikwa 06:00 muulize karani kwa mdomo: ni saa kumi na mbili asubuhi? Akisema ndiyo, fikeni saa kumi na moja na nusu.

Kulala, tafuteni nyumba za wageni zilizo mtaa wa pili kutoka kituo cha basi, si zile zinazotazama kituo. Oneni chumba kwanza. Fungueni bomba, laleni kitandani dakika moja, tazameni chandarua kama kimetoboka na kama mlango unafungwa kwa ndani. Chakula kifuateni pale madereva wanapokula: ugali na samaki wa Kisumu, mahamri na mbaazi asubuhi Mombasa, chipsi mayai Dar, sato wa kuchoma Mwanza.

Dodoma hadi Mwanza ni siku nzima ya basi na ndiyo sehemu ngumu ya mzunguko. Beba maji, matunda na uvumilivu, hakuna la zaidi. Mwanza hadi Bukoba mnaweza kupita barabara, juu ya daraja jipya la Kigongo–Busisi la karibu kilomita 3 lililofunguliwa 2025, au mkapanda meli ya usiku. Bukoba mwenzetu wa Masaka alisimama sokoni akacheka hadi machozi: mama wawili walikuwa wanabishana juu ya bei ya senene kwa Kihaya, naye alikuwa anawaelewa karibu kila neno.

Hatua ya nane: begi

Lita 40, lisizidi. Likae mapajani ndani ya daladala, la sivyo utalilipia kiti. Nguo za siku nne unazofua jioni, leso au kikoi cha kufunika mabega ukipita mji wa kale, kandambili, tochi, kufuli dogo, dawa zako na kipimo cha malaria, sabuni ya kipande. Nguo zenye rangi za jeshi ziache nyumbani.

Nambari ya dharura 112 inafanya kazi nchi zote tatu. Anwani za ubalozi wetu wa Nairobi na Dar ziandikeni kwenye daftari la kapu, kwa sababu simu ikiibwa na anwani imekwenda nayo.

Hatua ya tisa: kufunga kapu

Msisubiri kufika Kampala. Mkiwa Mutukula, mihuri imeshagongwa na shilingi za Tanzania zilizobaki zimeshabadilishwa, kaeni kwenye benchi la mgahawa upande wa Uganda, agizeni matooke, ndizi zetu za kupika, mfungue daftari. Msomaji asome ukurasa kwa ukurasa, kilichobaki kigawanywe mara nne hapo mezani, na mtu aliyekopeshwa njiani alipe au aseme tarehe. Safari yetu ya pili tulibakiwa na 61,000. Tulipata 15,250 kila mmoja, na yule aliyekaa chini ya mti Mombasa ndiye aliyekuwa ameshika kapu.